Meza ya Wahandisi Wapya

Jumanne, baada ya isha

...na beji nimeigeuza tangu asubuhi, watu wasisome "Mhandisi Mpya." Upya gani na miaka arubaini na tisa? Wenzangu kwenye kongamano hili la kompyuta ni rika la binti yangu. Kila mmoja auliza, "Ulisoma chuo gani?" Mimi kuandika programu nimejifunza kwa simu, mahamri yakiwa jikoni. Lakini ofisi moja ya programu huku Shimanzi imeniajiri na bosi ndiye aliyenituma. Sina pa kukimbilia.

Basi nikajifungia chooni. Mola anisamehe, karibu saa nzima.

Adhuhuri wakaingia wasichana wawili, wageni kutoka bara, kutia udhu. Wakabishana kuhusu kibla. Simu ya huyu yaonyesha huku, ya yule kule.

"Simu yako imeingiwa na jini!" mmoja alisema.

Nikashindwa kunyamaza, nikafungua mlango. "Ipeni bahari mkono wa kulia, wanangu. Hapa Mombasa kibla ni kaskazini."

Tuliswali watatu nyuma ya ngazi, juu ya leso zangu. Nilipoinuka beji ilikuwa imegeuka, wakaisoma.

"Kumbe mama ni mwenzetu! Ulikuwa wapi asubuhi nzima?"

Nilicheka hadi machozi. Wameniwekea kiti mezani kwao, meza ya wahandisi wapya. Ila kesho kila wa meza ile atasimama mbele ya watu aeleze kazi yake, nami nimo.

Ya Rabbi, hata chooni siwezi tena kujificha. Mlango wangu wanaujua.