Darubini Iliyonichelewesha Uyole

Uyole, Mbeya
Jumapili, wengine wako ibadani

Mke wangu Mama Festo,

Kamwene. Nakusalimu nikiwa kwenye kiti uani kwa mwanetu, jua la Agosti liko usoni na baridi bado imening'ang'ania mgongoni. Umeamkaje? Goti linasemaje tangu ulipoacha kupanda kwenda shamba la juu? Na nyanya, zimeiva zote kwa mpigo kama ulivyohofia, au zinakupa nafasi ya kupumua? Huku Festo na mkewe ni wazima. Mimi nipo. Miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea, na moyo unapiga unavyotaka wenyewe.

Barua hii nimeianza nikaiacha, nikainuka, nikazunguka ua, nikarudi. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ungesikia pumzi yangu ukaanza kuuliza, nami ningekujibu uongo kama nilivyofanya wiki zote hizi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Kaa chini, soma hadi mwisho, ndipo ukasirike.

Daktari alishaniruhusu. Si juzi, ni tangu kabla hujanitumia lile tenga la nyanya kwa basi. Alifunga faili, akavua miwani, akasema, "Mwalimu, dawa hizi endelea nazo. Sasa nenda nyumbani ukakae na mama." Nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Namjua mtu anayefunga hesabu kwa kuwa ameipata, na namjua anayeifunga kwa kuwa haina jibu. Nikamshukuru. Kisha nikamwambia Festo kwamba nimepangiwa kurudi kliniki, naye akakufikishia hivyo hivyo. Usimlaumu. Amejua leo asubuhi, akiwa anafunga tai ya kwenda kanisani, na ameondoka nayo ikining'inia.

Kilichonizuia ni darubini.

Wanafunzi wangu wa zamani walio huku walikuja kunitazama wodini, wakauliza Mwalimu anataka zawadi gani. Walitegemea niseme blanketi. Nikasema nataka darubini ya macho mawili, kubwa, ya kutazamia nyota. Wakatazamana. Mmoja, siku hizi mhasibu mwenye kitambi, akasema, "Mwalimu, hata ukiwa na dripu unatupa kazi ya nyumbani?"

Walitaka kuninunulia ile inayovuta kuliko zote, kwa kuwa kwao ukubwa ndiyo heshima. Nikakataa. Darubini hizi huandikwa namba mbili. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta kitu karibu, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. Mboni ya kijana hufunguka gizani hadi milimita saba. Ya mzee kama mimi ikifika tano imejitahidi. Kumi kwa sabini ingemwaga mwanga nje ya jicho langu kama maji nje ya mdomo wa chupa. Ishirini na tano kwa mia ingenifaa jichoni, lakini ni nzito mno na huonyesha kipande kidogo cha anga, nami sina muda wa kutafutatafuta. Nikachagua ishirini kwa themanini. Niliichagua kwa makini kuliko nilivyowahi kuchagua viatu, na katika hesabu zote hizo nikasahau mikono yangu.

Ilipofika nikainyanyua. Uzito wake ni kama wa jogoo mkubwa. Mikono ikatetemeka, na kila mtetemo ukakuzwa mara ishirini. Nyota zikaruka kama cheche za jiko. Festo akaniazimia stendi ya miguu mitatu kwa mpiga picha wa harusi. Ikayumba, na tena, ili nitazame juu ilinibidi nipige magoti chini yake na kukunja shingo. Unajua mara ya mwisho niliyopiga magoti ulininyanyua wewe na wifi yako.

Ndipo nikaenda kwa Ambokile, fundi wa kuchomelea hapa jirani. Nilimchorea mabomba mawili yanayolala sambamba, yameshikwa na bolti kwenye nguzo. Darubini inakaa ncha hii, uzito wa kusawazisha ncha ile. Kwa namna hiyo mtu anakaa kwenye kiti chake, anaivuta hadi machoni, anaiachia, nayo inabaki palepale.

Ambokile aligeuza mchoro huku na huku. "Mzee, hii ni mizani ya viazi."

"Si mizani. Upande huu darubini, upande ule uzito."

"Basi ni mizani. Tofauti yake ni kwamba wewe huna unachouza."

Uzito wa kwanza ulikuwa jiwe lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Likaponyoka, likamkosa kuku. Tukaweka kopo la rangi lililojaa mchanga. Alipokaza bolti, mabomba yakakwama kisha yakaachia ghafla. Alipolegeza, darubini ikashuka yenyewe ikanigonga paji la uso. Mwishowe akakata washa, pete nyembamba za plastiki, kutoka kwenye mfuniko wa ndoo ya mafuta ya kupikia, akazipachika katikati ya vyuma, na mkono ukaanza kwenda taratibu kama mlango wa kanisa.

Sasa nikwambie lililo gumu. Kila kasoro ilipojitokeza nilijiambia, tukiirekebisha hii nitarudi nyumbani Ilula. Halafu nikajikuta nafurahi kasoro nyingine ikionekana. Ambokile akisema "Njoo kesho, Mzee," nilirudi nyumbani nimechangamka kwa sababu kesho nilikuwa nayo.

Ijumaa mchana tuliisimamisha uani. Nikailenga ng'ambo ya barabara kuu, kwenye miti ya mlimani, nihakikishe macho yote mawili yanaona kitu kimoja. Nilikaa pale muda mrefu, nasogeza, nakaza, naandika kidogo. Kabla jua halijazama geti likagongwa. Mjumbe wa mtaa akaingia, nyuma yake majirani, mbele ya wote Mama Kissa anayeuza maandazi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Karibuni."

"Tumeshakaribia," Mama Kissa akasema. "Tunaomba ukweli tu. Nyumba yangu inaguswa?"

"Inaguswa na nini?"

"Na upanuzi wa barabara! Tumekuona tangu mchana unapima. Unawaandikia nani? Kesho tuamke tukute alama nyekundu ukutani?"

Mjumbe akakohoa. "Mama Kissa, polepole. Mwalimu, sisi tunauliza mita ngapi tu, kila upande."

Nikawaambia sipimi barabara, natazama nyota.

"Tangu saa kumi mchana?" akauliza Mama Kissa. "Nyota gani hizo za mchana?"

Bahati nzuri nusu mwezi ulikuwa tayari juu, mweupe. Nikavuta mkono wa chuma, nikaulenga, nikampisha kwenye kiti. Akakaa kwa hasira. Akabandika macho kwenye lenzi. Wenzake wakaanza kumsukuma bega, naye akawapiga kiwiko bila kuinua uso.

"Jamani," akasema, "una makovu kama aliyeugua ndui."

Walitazama wote, mjumbe mara mbili. Giza lilipoingia nikawaonyesha mkia wa Nge, lile kundi la nyota, ingawa taa za Uyole zinakula nyota ndogo. Walipokuwa wanaaga, Mama Kissa akarudi hadi kwenye kiti.

"Mwalimu, mkeo ameonaje?"

"Bado hajaona. Yuko Ilula."

"Haa! Unatuonyesha sisi tuliokuja kukugombeza, na mwenye mume hajaona?" Akajifunga kitenge vizuri, akaenda zake.

Tangu hapo situlii. Nikikaa naona nimekaa bure, nikisimama pumzi inakata. Nilidhani nabaki huku kwa ajili ya chuma cha Ambokile. Ukweli ni kwamba niliogopa kuja. Hapa mimi ni mzee mwenye kazi na fundi wake, watu wanakuja getini kugombana nami. Nikishuka kwenye basi hapo Ilula nitakuwa mgonjwa aliyerudi. Kitanda kitahamishiwa sebuleni, wazee wa kanisa watakuja na vitabu vya nyimbo, watu watanong'ona mlangoni, nawe utatembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yako. Nimewazika wengi, najua mpangilio wake. Kifo chenyewe naweza kukingoja. Wewe kunitazama nikikingoja ndilo lililonishinda, na kwa kulikwepa nimekunyima siku ambazo zilikuwa zako.

Nakuja Alhamisi. Festo atanisindikiza. Mabomba na nguzo vinatangulia na lori la viazi. Ukiviona, usimruhusu mtu avigeuze banda la kuku. Tafadhali ondoa matenga ya nyanya nyuma ya jiko, upande ambao taa za malori haziufikii. Weka viti viwili. Kitanda kiache chumbani kwetu kilipo.

Msalimie dada yangu Yudita, umwambie wifi yake hakuhusika na uongo huu, asije akakugeuzia wewe. Msalimie shemeji yangu Elia, anayekusaidia shambani, na mkwe wetu wa huko, Rehema, aliye na mimba, asibebe ndoo. Mchungaji msalimie pia. Aje, namkaribisha, ila aje na koti zito, kwa maana tutakaa nje.

Basi likifika, uwepo barabarani wewe mwenyewe. Nikichoka nitasinzia, na kondakta anaweza kunipitiliza hadi kwa wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Hapo barabarani, mbele ya wachuuzi wote, nigombeze kadiri unavyotaka na kwa sauti yako ya kila siku. Nitashuka nikiisikiliza.

Mumeo,
Baba Festo