Lenzi Zilizopimwa Zikiwa Moto

3 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi mzima wa mwili tu.

Zile lenzi zangu za kamera, ndogo kama punje ya mchele, zimeniponza. Kamera hubandikwa kwenye bodi ya saketi, kisha vyote hupitishwa tanurini ili risasi ya kulehemu iyeyuke, na lenzi sharti ivumilie joto hilo. Kanuni ni kuziacha zipoe hadi kesho yake ndipo zipimwe. Mimi nilikuwa na haraka. Nilizipima zingali moto, nikaziona safi, nikatia saini. Zilipopoa, zote ziliingia ukungu, kumbe zenyewe haziwezi hata joto la kawaida. Mkuu anadai mzee wa tanuri alizidisha moto, na mwisho wa mwezi anamwachisha kazi. Nimenyamaza. Nionee huruma.

Mjukuu wako

11 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Goti linauma nikiinuka, linauma nikikaa. Kalamu kaishika fundi cherehani, jirani yangu. Nimemwapisha asipunguze neno, na tayari amekohoa mara mbili.

Huruma ninayo, lakini kwanza nikuseme. Lenzi sizijui, na darasani sikuingia hata kufagia. Ila saini naijua. Mimi hutia dole gumba, na dole langu sijamwekea mtu shingoni. Huyo mzee si ndiye aliyekugawia chai yake siku yako ya kwanza? Uliniandikia mwenyewe.

Fundi ananishauri nitie ile methali ya mficha maradhi. Nimemkatalia, unaijua. Nenda kwa mkuu kabla hujavua koti, umwambie, “Ni mimi, si yeye.” Maneno manne tu. Ukifukuzwa, kitanda chako kipo na mimi nipo.

Bibi

4 Aprili

Mjukuu wangu,

U mzima? Mimi bado napumua. Mwezi umekwisha na wewe kimya. Sikuulizi kama umenikasirikia, kasirika utakavyo. Nauliza, mzee yuko kazini?

Bibi

15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Mwili mzima, ila usingizi haba.

Nilichelewa. Kila asubuhi nilifika mlangoni kwa mkuu nikageuka. Mzee akaondoka na mfuko wake wa nguo za kazi, nami nikimtazama. Siku ya tatu ndipo nikasema. Mkuu aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Mzee amerudishwa. Mimi sikufukuzwa, ila sina ruhusa ya kutia saini mwaka mzima. Hilo nalibeba. Lisilobebeka ni yeye. Namwamkia kila siku, naye anageukia tanuri lake. Nifanye nini?

Mjukuu wako

23 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, na marahaba tena. Goti leo limetulia, huenda limesikia habari zako.

Umechelewa, lakini umefika. Ningekuwa karibu ningekufinya, kisha ningekukumbatia. Kuhusu mzee, usimdai. Siku tatu alikaa kwake akiitwa mharibifu, nawe ulikuwa unajua. Marahaba ni mali yake, ataitoa moyo wake ukipenda, na usipopenda ni haki yake. Wewe mwamkie kesho, umwamkie na kesho kutwa, kisha nenda kafanye kazi.

Na ule. Fundi anasema mwandiko wako umekonda.

Bibi