Gauni la Malkia

Jumatano, baada ya isha

Na leo tena kaanza na "gauni yangu"! Mjukuu wangu Salma ataigiza malkia wa Uingereza ya kale shuleni, na mshonaji ni mimi. Kitambaa cha zambarau tumeshanunua hapahapa Uingereza, mtaani kwetu Thornton Heath. Ule ukosi wa marinda, unaofanya kichwa kionekane kimepakuliwa kwenye sahani, nitautia kanji usimame kama kofia za marehemu babu yake.

Lakini nilimwambia sikati kitu mpaka aombe kwa sarufi sahihi.

"Bibi, nataka gauni yangu."

"Langu."

"Lako? Malkia si mimi?"

Akaendelea kwa Kiingereza, akabamiza mlango. Hapo niliogopa. Hapa nyumbani ni yeye tu ninayezungumza naye Kiswahili. Akikiacha kwa sababu ya ukali wangu, je?

Baada ya chakula akaja amejifunga shuka, kidevu juu.

"Sisi Malkia tunataka gauni letu."

Letu! Nikainama upesi kuokota mkasi sakafuni, nianze kukata. Akadhani nimempigia magoti, akaniashiria niinuke.

Kwa magoti yangu haya, ilibidi malkia mwenyewe aje kuniinua.