Gunia la Viazi

Rurambo, Jumapili

Dada Josée,

Huku tuko wazima. Ng'ombe ya baba mudogo imezaa na mvua imerudi. Nasikia tangu ndoa yako hutaki kuongea na Mama, eti alikutumia viazi, yeye mwenyewe akabaki.

Minye nilikuwa pale kwenye uwanja wa ndege, nilimusindikiza Mama. Pilote Firmin aliwapima wasafiri wote kwenye mizani, pamoja na mizigo. Alisema huku juu hewa ni nyepesi, injini ya kandege kake inakosa pumzi, hawezi kuongeza hata kilo moja. Firmin alipogeuka, Mama akasukuma gunia la viazi lisilopimwa nyuma ya viti. Weye unamujua: mama ya bibi-arusi afike Uvira mikono mitupu?

Ndege ilikimbia mpaka karibu na mwisho wa uwanja bila kunyanyuka. Firmin akafunga breki, akarudi, jasho linamutoka. Alipoona gunia akasema lishuke.

Mama akamwambia, "Liache. Nishushe minye."

Tulimubembeleza wote. Alikuwa amekwisha kufungua mukaba wa kiti. Barabara ilikuwa imefungwa, na ndege ingine ilikuja wakati ndoa imekwisha.

Sasa ndege ikipita, anatoka nje kuiangalia mpaka inapotea upande wa ziwa. Hajaniuliza hata mara moja kama umekasirika. Anauliza tu kama viazi viliiva vizuri, na minye namujibu ndiyo.

Dada, ulivipika?

Mudogo wako,
Mapendo