Mchawi wa Mandazi

Mama Neema, rafiki yangu,

Nimekukosea, na sina wa kumwambia ila wewe mwenyewe.

Siku ya matanga yako niliweka ile filamu ya Waingereza. Ile ya uchawi, ya pesa kidogo, uliyoigiza ulipokuwa ukisomea unesi kule kwao. Mwelekezi alikutaka utoe laana kwa lugha ya kwenu, nawe ukakodoa macho, ukainua ungo, ukatamka mapishi ya mandazi: "Unga vikombe vitatu, hamira kijiko, iliki usisahau!" Tumeiangalia mara ngapi hapa kwangu Germantown, huku ughaibuni, tukicheka mpaka mbavu zinauma? Hata damu yenyewe ilikuwa na mbegu za nyanya.

Nilidhani watu wa kanisa watacheka, msiba upungue uzito. Maneno waliyasikia, Kiswahili ni chao, lakini hakuna aliyecheka. Kwenye filamu, kibanda cha mchawi kilipochomwa nawe ukiwa ndani, mama mchungaji akasimama: "Shetani hachezewi, hata kwa utani!" Wakaanza kukemea mapepo sebuleni kwangu, na picha yako iko pale pale mezani. Nami, na mdomo wangu wote unaoujua, nilibaki nimeshika rimoti.

Sasa Baba Neema ameniagiza niitupe hiyo diski. Nibishane naye kama nani? Mimi si ndugu, ni jirani. Lakini simu yako imefungwa kwa namba ya siri uliyoondoka nayo, na sauti yako haikubaki pengine popote.

Neema akitoka shule anakuja kusimama mbele ya TV. "Auntie, play Mommy." Ana miaka saba. Jumanne nilimwekea, nikazima kabla ya moto. Akaniuliza, "What happens next?" Kazini nimewahudumia wazee wangapi hadi pumzi yao ya mwisho, na swali la mtoto huyu likanikimbiza. Nililia jikoni, bomba nimelifungulia asinisikie.

Mumeo nimemdanganya. Diski iko ndani ya debe la unga.

Lala salama, mchawi wangu. Nakuahidi nitaizima kabla ya moto kila mara, mpaka awe mkubwa wa kuuliza kwa nini naizima. Na Jumamosi tutapika. Unajua Kiswahili anasikia tu, hajibu. Lakini nikishika unga, anakodoa macho na kuniamuru: "Iliki usisahau!"

Ni mimi,
Mama Brian