Kiwanja Tulivu cha Jiji

Jumatatu, 2 Juni

Mkutano na waandishi, ukumbi wa jiji. Feni moja, kipaza sauti kinakoroma. Mhasibu mkuu, tunayemwita Bwana Usihofu, katangaza kuwa afya ya fedha ya jiji ni njema. Mali imezidi madeni! Mwaka jana ilikuwa kinyume. Nikauliza: kodi imeongezeka? Hapana. Ushuru wa masoko? Umeshuka. Sasa?

“Usihofu, dada. Tumethamini ardhi upya.”

Nje malori ya taka yamelala, hayana dizeli. Mgonjwa kapakwa poda, kapigwa picha, kaambiwa amepona.

Jioni kaka kapiga simu. Kastaafu ualimu, kiinua mgongo kimeingia. Jiji linauza hatifungani: unalikopesha, linakulipa na riba. Anataka kutia chote Ijumaa. Nikamwambia asubiri niangalie hesabu. Akasema gazeti letu likisema jiji ni zima, yeye karidhika.

Yaani mimi!

Jumanne, 3 Juni

Nimeomba orodha ya ardhi. Nenda ghorofa ya pili. Ya pili: rudi ya kwanza. Ya kwanza: mwenye ufunguo yuko chai. Danadana hadi saa ya kufunga.

Jumatano, 4 Juni

Nimeipata. Kilichoinua mali yote ni kiwanja kimoja mashariki ya mji: “eneo tulivu, barabara ya lami, halina wavamizi.” Nikaenda kukiona.

Kweli hakuna wavamizi. Wote wamelala. Makaburi ya jiji! Mama yupo pale, karibu na bomba. Nikamfagilia majani, maadamu nilishafika.

Nikarudi kwa Bwana Usihofu. Hakushtuka hata kidogo.

“Ardhi ni ardhi, dada. Tumetumia bei ya viwanja vya biashara vya jirani.”

“Nani atanunua?”

“Nani kasema tunauza? Ni dhamana tu ya hatifungani.”

Nikauliza kama wenyeji wa chini wamepewa taarifa. Karani wake akacheka. Yeye hakucheka. Ndicho kinachonichosha: mwizi angalau hujificha. Huyu anaamini!

Alhamisi, 5 Juni

Mhariri kakata aya ya makaburi. Jiji limelipia ukurasa mzima wa tangazo. Eti makaburi yanatia watu simanzi, tutayaweka Jumapili. Nikamwambia watu wananunua kesho. Akasema nisimpandishe presha.

Nikampigia kaka. Kapokea wifi.

“Wifi, mwambie wewe. Mimi nikisema, naambiwa nataka pesa za kitenge,” akasema.”

Kaka akachukua simu. Nikamwambia mali ya jiji haiuziki, na mapato hayatoshi hata mishahara. Akasema mimi tangu utotoni nikipewa maziwa natafuta mfupa. Kiwanja chenyewe sikukitaja. Tangu tumzike Mama mwaka jana, hawezi kupita barabara ile.

Ijumaa, 6 Juni

“JIJI LINA AFYA NJEMA.” Ukurasa wa kwanza. Jina langu chini yake, limekaa kama mwizi harusini.

Simu. Kaka, yuko benki, sauti ya sherehe.

“Nimesoma, mdogo wangu! Mbona umeandika vizuri? Jana ulikuwa unanitisha tu.”

“Hiyo nusu. Nusu nyingine imekatwa.”

“Basi utanisimulia. Nimeshafika dirishani, kalamu ninayo.”

Nikaanza: mapato, madeni, mali isiyouzika. Akasema nipunguze hesabu, nyuma yake watu wanaguna.

Basi.

“Kaka, dhamana ya hizo pesa zako ni makaburi. Pale pale alipolala Mama.”

Nikamsikia binti wa dirishani: mzee, unasaini, au nimwite mwingine?

“Ngoja kidogo, mwanangu.” Kisha kwangu, polepole: “Wamemweka Mama rehani?”

Nikasema ndiyo.

“Na jiji likishindwa kunilipa, mimi nichukue nini pale?”

Hajakata simu. Naandika huku nimeibana begani. Watu wanaguna. Kalamu yake inagonga kioo, inagonga —