Mama, Malkia Amenenepa

Mama,

Malkia amenenepa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya habari za mwanao. Analala kwenye kiti chako, na Baba Neema, ambaye hakuwahi kukikalia ukiwa hai, hathubutu kumwondoa.

Tangu tulipokurudisha Kitale kukuzika, nyumba hii ya Bordesley Green, huku ughaibuni, imekuwa kubwa mno. Nikitoka zamu hospitalini nachemsha chai ya watu wanne, halafu nakumbuka.

Nakumbuka pia ulivyoingia. Koti hujavua, ukasimama mlangoni, ukanusa. “Mama Neema, humu ndani kuna kicheche.” Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe katoka Kenya, na neno la kwanza ni harufu! Nikakueleza kwamba ni fereti, vinyama virefu kama nguchiro, dume na jike, ambao mjukuu wako Neema aliachiwa na rafiki yake wa shule aliyehama. Kesho yake ulitoa sabuni ya kipande kwenye sanduku lako, ukawaogesha. Keshokutwa, tena. Kadiri ulivyosugua ndivyo nyumba ilivyozidi kunuka, mpaka Neema, aliyekuita Shosh badala ya Bibi, akakushika mkono ndani ya beseni: “Shosh, please, stop washing them!” Kumbe fereti akioshwa kila mara ngozi yake hutoa mafuta zaidi, na harufu iko kwenye hayo mafuta. Ungeweza kukasirika. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, kisha ukahamishia sabuni kwenye vitambaa vyao vya kulalia. Hapo ndipo nilipoanza kukupenda, Mama, wacha niseme tu.

Bosi, yule dume, alipohasiwa, wewe hukukosa usingizi. “Fahali wangapi nimewahasi,” ulisema. Na kweli, baada ya wiki kadhaa ukali wa harufu ulipungua, na kina mama wa fellowship, wenzetu wa maombi kutoka Ladywood, wakaacha kugombania viti vya dirishani.

Shida ilikuwa Malkia, yule jike. Alikuwa ameingia kwenye joto, na Neema alishapanga na daktari wa wanyama atolewe kizazi. Ukakataa katakata. “Msichana hajazaa hata mara moja, mnamtoa kizazi? Joto huisha lenyewe. Ngojeni.” Ulikuwa umefuga ng'ombe maisha yako yote, nani angekubishia? Ng'ombe joto lake likija, kesho limekwisha. Neema akasema la fereti jike haliishi asipopandwa, linaendelea wiki baada ya wiki mpaka mwili unaacha kutengeneza damu, na mnyama anakufa. Alisema kwa Kiingereza, mbio mbio, akilia. Mwanao akapiga simu kuahirisha, kwa sababu mama yake amesema.

Toka siku hiyo Neema hakukusalimia. Alikuwa akishuka ngazi na kupita mbele yako kama hakuna mtu. Wewe ulikuwa unamwekea chakula chake na kukifunika. Hilo liliniumiza kuliko harufu yoyote.

Halafu ile Jumapili. Sebule imejaa wageni, chai imemiminwa, mandazi yako hata hayajapoa. Malkia akaja anayumba, miguu ya nyuma ikamkataa. Ulimwinua, ukamfunua mdomo, ukaangalia fizi kama ulivyozoea kuangalia za ndama. Zilikuwa nyeupe. Ukasimama naye kifuani, ukamwita Neema ashuke, ukangoja afike. Mbele ya kina mama wote ukasema, “Mjukuu wangu, wewe ulijua, mimi sikujua. Nilikosea. Nisamehe. Sasa tafuteni gari.”

Mama, mimi nimelelewa kwenye nyumba ambako mkubwa akikosea, mtoto ndiye anayeomba msamaha. Ningeweza kukupigia magoti pale pale.

Daktari hakutuahidi kitu. Walimdunga Malkia sindano ya kukata joto, na Bosi, yule yule uliyemwita kicheche, akatolewa damu akaongezewa mwenzake. Malkia alipopata nguvu wakamtoa kizazi. Siku zote hizo wewe na Neema mlikaa pamoja kwenye chumba cha kungojea, yeye akikusomea kwenye simu mambo ya fereti, wewe ukimwambia ya ng'ombe. Sijui mlielewana kwa lugha gani.

Ulipofariki, watu walijaa hapa kila jioni kwa maombi. Baba Neema alitaka fereti wapelekwe kwa watu kwanza, wageni wasije wakaondoka na maneno. Nilikataa. Nikafua vile vitambaa, nikasafisha trei yao kila siku kama ulivyokuwa ukifanya, na nyumba ikanukia chai. Mzee mmoja tu ndiye aliyeuliza kama tuna paka.

Siku ya mwisho kabla ya safari, mchungaji akauliza nani wa familia atasema neno. Neema akasimama. Mtoto ambaye tangu azaliwe ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, Mama! Akasema, “Shosh alikuwa mkubwa. Mimi mtoto. Aliniomba msamaha, watu wote wakisikia. Mimi... sijui mtu mwingine kama yeye.” Akakaa. Mwanao alitoka nje akalia peke yake, nami nikamwacha.

Lala salama, Mama. Siku moja Neema ataolewa, nami nitakuwa mkubwa wa nyumba, na nitakosea, najifahamu. Nakuahidi: yule niliyemkosea nitamwita, nitangoja afike, na nitasema wageni wakiwa wamekaa.

Mkaza mwanao,
Mama Neema